Mahali Yako Iko Kule

Mwishoni mwa Agosti mama yangu alihamisha kigoda chake. Kwa miezi mitano alikuwa akikaa mbele ya nyumba yetu hapa Murusagamba, wilaya ya Ngara, akitazama barabara ya vumbi na kuitikia marahaba kila mpita njia. Asubuhi hiyo alikibeba kigoda mwenyewe, fimbo mkono wa pili, akazunguka nyumba, akakitua nyuma, karibu na banda la mbuzi, akakaa kutazama migomba. Nikamwuliza kuna nini huko. Akasema hakuna kitu. Lakini upande ule ni mashariki, na mashariki, mbali nyuma ya migomba na vilima, ndiko Nyamigogo, nyumbani kwake.

Nilimleta mimi. Wazazi wangu walihama Shinyanga na ng'ombe wao nikiwa mgongoni, wakapata ardhi Nyamigogo, wilaya ya Biharamulo, na huko ndiko nilikokulia. Baba alipofariki, mama alibaki na mdogo wangu wa kiume. Kisha akateleza kando ya kisima, nyonga ikaumia, na mdogo wangu akanipigia simu akisema yeye mambo ya kumwogesha mama hayawezi. Nikaenda kumchukua. Mume wangu ni Mhangaza wa hapahapa, mtu mpole, hakuuliza mgeni atakaa siku ngapi. Alimchongea mama fimbo.

Mama alikuja na sharti moja: katika nyumba hii hatutaongea Kisukuma. Mkwe akikusikia unanong'ona lugha asiyoijua, alisema, atadhani unamsengenya. Mimi nikasema hakuna anayejali mambo hayo siku hizi. Akanikata jicho, ikawa Kiswahili asubuhi hadi jioni, hata tukiwa wawili jikoni tukimenya ndizi ambazo yeye aliziita matunda na kukataa kuziita chakula.

Sasa, Kiswahili cha mama yangu. Sisi Wasukuma herufi r hatukuzaliwa nayo. Mama husema kalibu, husema balabala, husema Biharamulo kwa namna ambayo siwezi kuiandika. Wakwe zangu nao wana l na r, lakini huzitumia kila moja inapowajia. Mimi ni mwalimu. Nimewasahihisha watoto wa watu hadi koo likakauka, na sikuona sababu ya kumwacha mama yangu mzazi. Ndiyo tabia yangu, na ndiyo iliyoniponza.

Maana baada ya kuhamisha kigoda, mama alianza kusema sentensi moja. Aliisema tukianua maharage. Aliisema nikimsugua mgongo. "Mayu," aliniita, neno pekee la Kisukuma alilojiruhusu, kama tunavyoitana mama na binti, "mahali yako iko kule. Itapotea."

"Mahali pako, mama," nilimjibu. "Pako kule. Patapotea."

Alinitazama, akageukia migomba. Kesho yake akasema tena yako, iko, itapotea. Nami nikasahihisha tena.

Muhula huo nilikuwa nawafundisha kidato cha tatu jinsi wanyama wanavyohama. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini Kiingereza kinatupiga chenga sote, mwalimu na mwanafunzi, kwa hiyo sehemu tamu huwa naziweka kwa Kiswahili. Niliwaambia kuhusu ndege anayefungiwa tunduni tangu kinda. Ana maji, ana mtama, hakuna baridi wala njaa. Msimu wa kuhama ukifika, homoni zinabadilika mwilini, anakula hadi ananenepa, usingizi unampotea, anarukaruka tunduni. Na harukiruki ovyo. Anarukia upande uleule ambao wenzake walio huru wanaelekea, ingawa hajawahi kufika huko.

Mwanafunzi mmoja akauliza ndege anajuaje kwamba msimu umefika. Nikasema huko kaskazini mchana unarefuka na kufupika, naye anausoma mwanga. Lakini huku kwetu mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima, na bado wale mbayuwayu wanaokuja kukaa kwetu huondoka wakati wao ukifika. Wana saa ndani ya mwili. Njia wanaijua kwa jua, kwa nyota, wengine kwa nguvu ya sumaku ya dunia ambayo sisi hatuihisi hata kidogo, wengine kwa harufu. Darasa zima lilinisikiliza, jambo ambalo kidato cha tatu hawanipi kirahisi.

Nikiwa bado nimeshika chaki nikamwona mama yangu kwenye kigoda chake. Jamani, si ndiye huyu! Mvua za vuli zinakaribia, mwili wake umezoea miaka yote kwamba sasa ni wakati wa kulima Nyamigogo, na tundu langu, hata liwe na godoro jipya, ni tundu. Nilifurahi kama mtu aliyepata jibu la fumbo. Nikarudi nyumbani nikamweleza mume wangu, homoni na saa ya mwilini, yote. Alisikiliza akiosha miguu, kisha akacheka.

"Basi hayuko peke yake," akasema. "Hata yule mtamba alikuwa hivyo."

Nilikuwa nimemsahau yule mtamba. Nilipoolewa, familia ya mume wangu ilitoa ng'ombe watano wa mahari, na wakaswagwa kwa miguu kutoka hapa hadi Nyamigogo, siku kadhaa njiani. Mmoja alikuwa mtamba mwekundu, pembe ya kushoto imepinda kuelekea jicho. Hata miezi miwili hakumaliza kule. Alikata kamba akaanza kurudi kwao, peke yake, kwa njia ileile aliyoipita, na alikuwa ameshafika Murukulazo, huku huku Ngara, watu walipomkamata. Sijui aliongozwa na harufu au na kumbukumbu ya miguu. Mama yangu alikwenda kumfuata mwenyewe. Baba yupo, vijana wapo, lakini alikwenda yeye, akamrudisha Nyamigogo hatua kwa hatua. Nilipopata habari nilimpigia simu nikamcheka, nikamwambia mama, ng'ombe mmoja tu, unajiua kwa ng'ombe mmoja.

Basi nikaamua kwamba dawa ni subira. Ndege wa tunduni, msimu ukipita, hutulia. Nilimnunulia mama kitenge. Nilimtafutia unga wa mtama, nikapika ugali, akala nusu akasukuma sahani. Siku moja korongo wakapita juu, wale weusi wenye tumbo jeupe wanaotangulia mvua, wakizunguka juu sana bila kupiga mbawa. Mama alisimama bila fimbo. Akawatazama hadi wakaisha, kisha akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Nilimtajia, na moyoni nikasema, naam, saa ya mwilini hiyo. Sikumwuliza kwa nini anataka tarehe.

Jumamosi iliyofuata nilitoka sokoni nikakuta kigoda kitupu. Jirani akaniambia amemwona bibi akielekea kituoni, amefunga khanga kifuani, ana furushi kichwani, na alipomsalimu aliitikia bila kusimama. Niliacha kapu langu palepale.

Kituo chetu ni uwanja wa vumbi ambapo michomoko, zile gari ndogo za abiria, husubiri kujaa. Mama alikuwa amekaa juu ya furushi lake kando ya gari moja, fimbo magotini, jasho likimtiririka kwenye shavu. Nilipandwa na hasira, na sikuificha. Nilimfokea mbele ya watu, mama yangu mzazi. Nilisema akianguka tena nani atambeba, nilisema nimeacha nini sijamfanyia, nilisema yeye si ndege wa kuondoka tu kwa kuwa msimu umefika. Hilo la ndege hakulielewa, na ningekuwa na akili ningenyamaza hapo.

Akaningoja nimalize. Kisha akasema kwa Kiswahili chake, taratibu, kama mtu anayemrudia mtoto mzito. "Mdogo wako anataka kuuza mahali yako. Mnada ni keshokutwa."

"Anauza shamba?" nikauliza.

"Shamba gani?" Akatazama kushoto na kulia. Pale hapakuwa na mkwe wala ndugu wa mkwe, na kwa mara ya kwanza tangu aje aliacha Kiswahili. Kwa Kisukuma akasema ng'ombe. Ng'ombe wale walionioa.

Mahari.

Nikairudia moyoni ile sentensi yake, kwa r. Mahari yako iko kule. Itapotea. Kila neno lilikuwa limekaa mahali pake, upatanisho wote sahihi, na mimi mwalimu wiki nzima, wiki tatu, wiki tano, nilikuwa nasahihisha sentensi isiyo na kosa ila herufi moja, herufi ambayo mimi mwenyewe sikuwa nayo hadi nilipoingia shule.

Akanieleza. Mdogo wangu alipiga simu mwishoni mwa Agosti kumsalimia, simu yangu hiyohiyo, nikampa mama aende nayo nyuma ya nyumba nikarudi kwenye sufuria. Huko akamwambia anauza wale ng'ombe pamoja na ndama wao, anunue pikipiki, akamtajia na tarehe ya mnada. Maadamu mama yuko Ngara, alisema, hakuna wa kuwalinda. Na mama angeniambiaje? Habari ya ng'ombe wa mahari haisemwi ndani ya nyumba ya waliowatoa, ikiwa ni habari ya kuwauza. Ingekuwa aibu kwa mwanawe na aibu kwangu. Kwa hiyo alinipa maneno machache, akitegemea kwamba binti yake msomi atayaelewa.

Nikamwambia, mama, si awauze tu. Nilisema hivyo kwa kumhurumia. Baba alipougua pia hukuwauza, nikamwambia, uliuza wako, na mimi niliona. Wana kazi gani wale ng'ombe?

"Ni njia yako," akasema. "Siku ukichoka huko, mtu akisema nirudishieni vyangu, tutampa nini? Utakaa kwa kuwa huna pa kutokea? Mimi sitaki mtoto wangu akae kwa sababu hiyo."

Nikamwambia mume wangu ni mtu mzuri.

"Namjua. Amenichongea fimbo. Lakini njia inabaki wazi."

Nililia pale kituoni, sioni haya kusema. Kumbe wakati mimi nauchunguza mwili wake, homoni zake na saa yake, nikamfanya somo la kidato cha tatu, yeye alikuwa anahesabu siku za mnada. Hata tarehe aliyoniuliza ilikuwa hiyo. Sikuwa nimemwuliza swali hata moja ambalo ungemwuliza mtu mwenye akili zake. Nilikuwa nimemgeuza ndege.

Nikalipa nauli ya wawili, nikampigia mume wangu simu nikisema nampeleka mama akaone shamba. Uongo ule sikuweza kuukwepa, na nadhani aliujua, maana alisema tu niende na koti la mvua.

Tulifika Nyamigogo ng'ombe wakirudi malishoni. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye ndoo, akasimama haraka mno. Mama hakumgombeza. Alimsalimu, akampita, akaenda kusimama kwenye lango la zizi, mkono mmoja kwenye gogo, na kila ng'ombe aliyeingia akampapasa. Wa mwisho kuingia alikuwa mwekundu, mzee sasa, pembe ya kushoto karibu imguse jicho, ndama wake nyuma. Yule aliyetaka kurudi kwao. Alisimama mbele ya mama akamnusa mkono, kisha akaingia mwenyewe.

Mimi ndiye niliyegombeza, tabia yangu hiyo. Lakini yaliyommaliza mdogo wangu hayakuwa maneno yangu. Mama alichukua kigoda akakiweka pale langoni, akasema atakaa hapo mnada hadi mnada. Mdogo wangu aliitazama ile nyonga ya mama iliyoumia, akainama akaanza kuwasha moto wa zizini. Tangu siku hiyo hajataja tena habari ya kuuza.

Nilitaka kurudi naye Ngara. Nilimbembeleza asubuhi nzima. Nikasema daktari, nikasema godoro. Alisema hapana, na mara hii sikuwa na sayansi ya kumjibu. Niliondoka peke yangu, na furushi lake lilibaki kule. Fimbo alibaki nayo pia, akasema nimwambie mkwe wake ni fimbo nzuri.

Kigoda cha hapa Murusagamba bado kiko nyuma ya nyumba. Mume wangu alitaka kukirudisha mbele, nikamwambia akiache. Jioni nyingine hukaa mimi, nikasahihisha madaftari huku nimegeukia migomba. Sina pa kukimbilia na simkimbii mtu. Ninakaa tu.

Kila Jumapili nampigia mama. Naanza na shikamoo, anaitikia, tunaongea mvua, tunaongea mguu wake. Tunaongea Kiswahili, kwa kuwa naye bado anasema mkwe yuko karibu. Na kabla sijakata simu namwuliza, kwa herufi yake, bila kusahihisha.

"Mahali yangu ikoje, mama?"

"Iko," ananijibu. "Iko yote."