Tuliosomeshwa Kiingereza

Baba alirudi Oman kutoka Unguja hana kitu ila Kiingereza chake. Kiarabu alichokuwa nacho kilikuwa cha sala na cha kuamkiana. Kiingereza ndicho kilichompatia kazi kwenye kampuni, na kazi ndiyo iliyotupatia kiwanja Ghubra tulipojenga. Kwa hiyo nilipofika umri wa kusoma, mama alipouliza kwa nini nisiende skuli ya serikali pale karibu, baba alishajua atakalosema.

"Kiarabu atakiokota njiani kwa watoto wenziwe," alisema. "Kiingereza hakiokotwi."

Nikapelekwa skuli ya Kiingereza. Walimu wetu walitoka Uingereza, nasi tulivaa tai hata katika joto la Juni. Ukisikika uwanjani ukisema Kiswahili, ulisimamishwa umetazama ukuta mpaka kengele ilie. Kipindi cha Kiarabu kilikuwapo, lakini kiliwekwa baada ya chakula cha mchana, na mwalimu wake alikuwa mtu mpole mno, tukimchezea shere. Nyumbani tulizungumza Kiswahili. Na wale watoto wenzangu wa njiani ambao baba aliwategemea walikuwa ni wale wale niliopanda nao basi la skuli.

Kiranja wetu mkuu alitoka kwenye familia iliyokuja kutoka bara, upande wa Kigoma. Alinizidi darasa moja. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kutulia, na hakuna mdahalo aliowahi kushindwa. Siku ya kutoa zawadi mwalimu mkuu alisema mbele ya wazazi wote kwamba kijana huyu tutakuja kumwona waziri. Sote tuliamini. Nadhani na yeye aliamini.

Tulimaliza mwanzoni mwa miaka ya tisini, wengi wetu tukaenda Uingereza. Mimi nilisoma uhasibu. Niliporudi nikapata kazi serikalini, maana siku ya usaili alikuwapo mshauri mgeni, na kwa heshima yake maswali yote yakaulizwa kwa Kiingereza. Baada ya hapo niliishi kwa kujificha. Karani wangu Mmisri aliandika barua, mimi nikatia saini. Waraka ukiletwa mezani nilisema, "Uwache, nitausoma," kisha nikamwita yeye, nikafunga mlango, akanisomea pole pole kama anavyosomewa mgonjwa. Hakunicheka hata siku moja, na hilo ndilo lililoniumiza. Kila nilipopandishwa cheo nilimpelekea mama habari kwa furaha, halafu nikakosa usingizi.

Nilipokuwa mkuu wa kitengo, kijana mmoja wa ofisini kwetu alifiwa na baba yake huko Qurayyat. Tulikwenda kutoa mkono wa taazia, mimi na wafanyakazi wenzangu watatu. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wao, walinitanguliza. Tuliingia kwenye sabla, ule ukumbi wa wanaume wa mtaa, watu wamekaa chini kuizunguka pande zote, wote wakasimama kutupokea. Nilikuwa nimejifunza maneno ya taazia ndani ya gari, nikiyarudiarudia moyoni tangu tunatoka mjini. Nilipomfikia mfiwa na kumshika mkono, yalinipotea. Kilichonitoka mdomoni ni "Alhamdulillahi ala salama", maneno anayoambiwa mtu aliyerudi safari.

Yule kijana alinitazama. Kisha akainamisha kichwa na kusema, "Allah akusalimishe," kama inavyojibiwa. Alinistahi, na siku hiyo hiyo ndiyo aliyomzika baba yake.

Tulipokaa, kahawa ikaanza kuzunguka. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akaniuliza habari kwa utaratibu wa Kiomani, ambapo mgeni mkubwa huulizwa habari za alikotoka naye hujibu kwa niaba ya wenziwe, kwa maneno maalumu. Mtoto wa miaka kumi wa pale Qurayyat anayajua. Mimi nikasema tu, "Kheri, kheri." Mzee akangoja. Nikasema tena, "Kheri."

"Mwanangu, wewe ni wa wapi?" akauliza. Aliuliza kwa upole kabisa.

"Wa Oman," nikasema.

"Najua. Oman gani?"

Nilitaja kabila letu, na nikautaja mji wa wazee wetu wa bara ya Oman, mji ambao sijawahi kuukanyaga. Kwa wasiwasi nikaitamka vibaya hata herufi ya kwanza ya jina la kabila langu mwenyewe. Hapo mtu mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, "Zinjibari," yaani mtu wa Unguja. Wote wakatikisa vichwa, kama kwamba sasa mambo yamewabainikia. Hapakuwa na ubaya katika sauti yake. Alitaka kunisaidia. Lakini nilitamani ardhi inimeze na kilemba changu.

Njiani kurudi mwenzetu aliyeendesha alifungua redio, hakuna aliyemwambia aifunge.

Mke wangu nilimsimulia jikoni, nimempa mgongo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa utafanyaje?" akauliza.

"Nifanyeje mimi? Ndiyo nishakuwa hivi."

"Kasome. Ile skuli ya watoto hapo nyuma ina darasa la watu wazima, baada ya magharibi."

"Lile la wasiojua kusoma?"

"Wewe unajua?" akasema.

Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikaenda. Gari niliiacha mbali, karibu na duka la dawa, nikatembea nimevaa kofia bila ya kilemba ili nisijulikane. Madawati yalikuwa ya watoto, magoti hayaingii. Mwalimu alikuwa kijana kutoka Nizwa, mdogo wangu kwa miaka mingi. Kulikuwa na mwanajeshi mstaafu, dereva wa teksi, wazee wengine kidogo. Na kwenye dawati la nyuma kabisa, amejikunja karibu na dirisha, alikuwapo kiranja wetu mkuu.

Aliniona, akashusha macho. Mimi nikamwona, nikajifanya natafuta pa kukaa. Nafasi ilikuwa moja tu, ubavuni pake.

Kwa mazoea tulisalimiana kwa Kiingereza, na watu wote wakageuka kututazama. Mwanajeshi mstaafu akamuuliza dereva kama hawa ni wakaguzi.

Baada ya darasa tulisimama nje ya geti. Nilimwambia, "Mimi nilisikia uko Dubai, mkurugenzi."

"Mimi ndiye niliyesema," akajibu. "Nilimwambia mmoja wenu, akawaambieni wote."

Alikuwa amesomea uhandisi Uingereza na kurudi na shahada nzuri. Aliajiriwa na kampuni ya kigeni, akafanya kazi vizuri, kisha kampuni ikamaliza mkataba wake ikaondoka. Kila kazi ya serikali aliyoomba baada ya hapo ilikuwa na mtihani wa kuandika kwa Kiarabu. Aliufanya mara moja, akatoka katikati. Kwa miaka minne alikuwa Hamriya, katika duka la vitambaa la babake, akipima na kukata.

"Kazi si aibu," nikamwambia.

"Hata. Aibu ni kujificha chini ya meza kila nikimwona mtu wa skuli yetu amekuja na mkewe kununua pazia." Alicheka, lakini si kwa furaha. "Usiwaambie, yakhe."

Nikamuahidi.

Mwaka ule wanafunzi wa zamani walikutana kwa chakula cha mchana siku ya Alkhamisi, kwenye hoteli ya pwani. Nilikwenda. Alikuwapo rubani, alikuwapo meneja wa benki na mkewe, na daktari mmoja, mwanamke tuliyekuwa tukikaa dawati moja. Kila mmoja alieleza anafanya nini, kwa Kiingereza kile kile cha skuli. Mtu akauliza kiranja wetu yuko wapi.

"Dubai," akasema meneja. "Yule hatumpati tena."

Nilitazama sahani yangu.

Kisha mazungumzo yakahamia kwenye Kiarabu chetu kibovu, na kila mtu akawa na kichekesho chake. Rubani alisema bili ya umeme anasomewa na mpishi. Walicheka mpaka machozi. Ilikuwa kama pambo, alama ya kwamba tulilelewa vizuri. Mimi nilihisi nimekaa tena katika sabla ya Qurayyat.

"Mimi nasoma," nikasema. "Ghubra, darasa la wasiojua kusoma."

Wakazidi kucheka.

"Kweli. Jana tulikuwa na imla. Nimekosa maneno tisa."

Kicheko kikafa. Mke wa meneja akasema tambi ni nzuri. Rubani hakunisemesha tena mpaka tunaondoka, na nadhani aliniona nimewavunjia heshima wote, pamoja na walimu.

Nilipokuwa naifungua gari, daktari alinifuata. Alizungumza nami Kiswahili, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya tangu utotoni.

"Juzi bibi mmoja alinieleza maumivu yake mara tatu," alisema. "Sikufahamu. Nikaitikia kwa kichwa, nikamwandikia dawa. Alipotoka nilimkimbilia, nikamkamata mjukuu wake kwenye korido aniambie upya bibi kasema nini." Akageuka kuutazama mlango wa hoteli. "La wanawake liko wapi, hilo darasa?"

Nilimwelekeza. Alihudhuria miezi miwili, kisha zamu za usiku zikamzidi nguvu. Kiranja wetu aliendelea mpaka mwisho, akaufanya tena ule mtihani, akafaulu, akaambiwa umri umeshampita. Yuko Hamriya mpaka leo. Siku hizi hajifichi, lakini mimi nikienda kununua kitambaa huwa natangulia kupiga simu, ili asishtuke.

Mimi mwenyewe naandika barua zangu za ofisi, na karani ananisahihisha kwa penseli. Watoto niliwapeleka skuli ya serikali bila ya kumshauri mtu.

Ijumaa moja mwanangu mdogo alikuwa akimhadithia babu yake mambo ya darasani, kwa Kiarabu, haraka haraka, mikono juu. Baba alikuwa akimtazama mdomoni. Mtoto alipocheka, naye akacheka. Mtoto alipokimbilia nje, baba akasogea upande wangu.

"Kasema nini?" akaniuliza taratibu, ili mama asisikie.

Nikamtafsiria. Sikuweza kumtazama usoni, wala yeye hakunitazama.