Mjukuu Wangu Mjamzito Anawachotea Samaki Maji

Mhariri, jina langu lifiche na kijiji changu usikitaje. Mimi ni bibi wa Handeni. Umri wangu siujui, ila bendera ya Uhuru ilipopandishwa nilikuwa tayari nina wajukuu. Shule sikuiona hata kwa nje. Ananiandikia mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima, na nimemwambia asinilainishie maneno.

Mjukuu niliyemlea mwenyewe ameolewa kambi ya mkonge, Ngombezi. Mumewe ni fundi wa mashine. Mzungu aliyekuwa bosi wake alipofunga virago kurudi kwao baada ya mashamba kutaifishwa, alimwachia sanduku kubwa la vioo limejaa maji, na ndani samaki wa rangi kutoka ziwa la mbali, jamaa za hawa perege wetu. Si wa kula. Wa kutazama.

Nilikwenda kumchukua mjukuu, maana kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti, na tumbo lake limeshashuka. Nilichokikuta kilinitia kinyaa. Mle ndani dume mmoja wa buluu ameyamiliki mawe yote ya kujifichia. Mwenzie akisogea, anamng'ata mapezi mpaka yanabaki nyuzi. Jike kabeba watoto mdomoni, ndivyo samaki hawa wanavyolea, hali chochote, naye anafukuzwa huku na huku. Asubuhi tukamkuta anaelea, macho yameliwa. Mume akamwopoa kwa upawa wa mchuzi, akausuuza kidogo, akautundika. Siku ile sikula kwake.

"Bibi, huyu dume ndiye mwenye nyumba," akaniambia, anachekelea kama kamzaa yeye.

Maji yakichafuka, samaki hao wanakufa. Bomba la kambi limekauka kiangazi hiki. Anayekwenda mtoni ni mjukuu wangu, ndoo kichwani, miguu imevimba kama mihogo. Nikamwambia mume, kesho naondoka na mkeo.

Akacheka. "Mke mkubwa, una wivu. Unamwondoa mwenzio ubaki na mimi?"

Wanangu, hapo ndipo nilipokwama. Mume wa mjukuu ni mtani wangu. Tangu harusini ananiita mkewe, namtukana, ananitukana, tunacheka. Sasa nikisema kweli anaona ni utani. Nilimwita mchafu, nikamwita katili, akapiga makofi. "Ongeza, mke wangu." Kisha akasema taratibu, "Akienda Handeni, nani atabadilisha maji? Atazalia hapahapa."

Ambaye neno lake angelisikia ni mama wa binti, mwanangu mimi. Lakini yeye ni mama mkwe wake, na kwetu wakwe huoneana haya. Akimwona mume wa bintiye njiani anaacha njia na kujifunika uso, atamkaripiaje? Wanaume wa ukoo wetu nao wananiambia mke ni wa mumewe, nisiingilie.

Mjukuu mwenyewe alinisindikiza mpaka barabarani. "Bibi, nenda tu. Nikiondoka bila ruhusa atasema nimemkimbia." Akageuka haraka nisimwone machozi. Huyu nimemnywesha uji kwa kiganja changu, hawezi kunificha kitu.

Nishaurini. Nikamchukue mjukuu wangu wakati mumewe yuko kiwandani, ndoa ivunjike kabla mtoto hajazaliwa? Au nimsukume mwanangu aiweke kando haya ya ukwe, akaseme naye uso kwa uso? Na wewe utakayeniandikia kwamba nivumilie, usipoteze wino. Panda basi uende Ngombezi ukambebee ndoo.