Alama za Chaki Ndani ya Piano ya Bwera

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi simu yangu iliita, nami nikiwa bado nyumbani Kasese. Alikuwa Masika, binti wa Bwera anayepiga jazi kwa piano. Vibao viwili vya piano vilikuwa vimekufa, na kabla ya jioni kikundi chake kilipaswa kutuma rekodi Kampala, ambako vijana walikuwa wakichaguliwa kwa ajili ya tamasha.

"Fundi, viwili tu vinatosha," alisema. "Vingine viache."

Nilidhani anaogopa gharama. Tulipatana malipo, nauli ikiwemo, nikafunga sanduku langu.

Saa moja na nusu nilipata nafasi katika pikapu ya mnunuzi wa kahawa. Kikorongo tuliacha barabara kuu, tukashika ya mpakani, milima ikiwa upande wa kulia.

"Hiyo sanduku iko na dawa ya ng'ombe ama ya watu?" dereva aliniuliza.

"Ya piano."

"Kumbe hata piano inaugua siku hizi."

Bwera tulifika saa tatu kasoro. Piano iko katika ukumbi wa kanisa, na Mama Kabugho, mtunza ukumbi, alinifungulia.

"Masika eko sokoni, atakuja saa saba," alisema. "Muzee Thembo, baba yake, alikuwa anaifungua piano hii kila mwaka, na endara iko pembeni. Sasa hayuko tena duniani."

Endara ni marimba ya Wakonzo, mbao zilizolazwa juu ya migomba. Nilimsikia Mama Kabugho, nikaitikia, wala sikumuuliza swali.

Vibao viwili vilinichukua nusu saa. Kisha nikapima vingine kwa chuma changu cha kupimia sauti, nikakuta karibu vyote vimepotoka. Kandokando ya pini zinazokaza nyuzi palikuwa na alama ndogo za chaki. Nilizifuta kwa kitambaa, kama ninavyofuta vumbi, nikaanza kuirekebisha piano nzima. Ufundi huu nilijifunza peke yangu vitabuni, na niliona fahari kumpa binti huyo zaidi ya alichoomba.

Saa saba na robo Masika aliingia na Baluku, binamu yake, mpiga endara. Alikaa, akapiga mstari mmoja mrefu wa jazi, safi kabisa. Baluku akaingia na endara. Wakaacha wote wawili kwa pamoja.

"Muzee," Baluku aliniambia, "piano yako iko bien, nzuri kabisa. Sasa uioe wewe, maana endara imekataa."

Masika hakucheka. Aliinua kifuniko, akatazama ndani. "Alama za baba ziko wapi?"

Nilimwonyesha kitambaa.

Ndipo nikaelewa. Thembo alikuwa ameirekebisha piano ifuate endara ya ukoo wao, chaki ikionyesha kila pini ikae wapi, na jazi ya vijana hawa ilisimama juu ya mapatano hayo. Nilisema tuchonge mbao za endara kidogo, zifuate piano.

"Hizo mbao ni za babu," Baluku alijibu. "Mutu hakati babu."

Nilijaribu kurudisha, Baluku akipiga ubao mmoja mmoja, mimi nikifuata kwa sikio. Kufikia saa kumi na moja nilikuwa nimepata vibao kumi na vitatu, na Masika alisema hata hivyo si vile vya baba yake. Wakati wa kutuma ulikaribia. Alirekodi peke yake kwa simu, bila endara. Alipiga vizuri. Baluku alikaa mlangoni, ametugeuzia mgongo.

"Watu wa tamasha waliomba kitu cha hapa," Masika aliniambia, akizima simu. "Hii hata Kampala wanayo."

Nilisema sitachukua malipo. Alinijibu kwamba vibao viwili vimepona, akaniletea chai.

Nilirudi na pikapu ileile. Nilichojifunza hakimo katika vitabu vyangu: kabla ya kusahihisha sauti, uliza ni nani aliyeipanga.

Nyumbani, nilipofungua sanduku, nilikuta bahasha chini ya kitambaa chenye chaki. Juu yake paliandikwa "pesa za harusi", akiba yao ya kupiga harusini: shilingi laki moja na themanini elfu, malipo yote tuliyopatana, hayakupungua hata mia.