Mpira Aliouchagua Dada

Kazi ya dada yangu mkubwa ni kungoja. Msicheke! Anafungia kipande cha waya au mpira ndani ya mtungi wa chuma, anavuta hewa yote kwa pampu, kisha anakiacha wiki mbili kitoe radoni, gesi isiyoonekana wala kunusika. Halafu anaihesabu, chembe moja moja. Wataalamu wanaotafuta chembe adimu chini ya ardhi ndio wanaomletea vipande hivyo; gesi hiyo hawaitaki kabisa kwenye mtambo wao, maana huwadanganya wakadhani wamepata.

Miaka kumi na tisa yuko peke yake katika chumba kile. Hana mume, hana mtoto, na ukimtembelea anakufokea kwa vumbi la viatu. Mimi nikambatiza Bibi Mizani. Tulicheka sana, mimi zaidi.

Siku zote wataalamu wale walimwomba namba tu. Mwaka huu mkuu wao akamuuliza, "Wewe mwenyewe ungeziba mlango wa mtambo kwa mpira upi?"

Weee! Alinipigia simu papo hapo. "Mdogo wangu, wameniuliza mimi!" Akachagua, akafungia, na kila asubuhi akawa ananitumia ujumbe: bado siku kumi, bado tisa.

Namba ikatoka mara arobaini ya inayoruhusiwa. Mwingine angesema mtungi umevuja, kwa kuwa hewa ya chumbani ina radoni tele, na nani angekwenda kuhakikisha? Yeye alikagua kila nati na kila geji. Mtungi ulikuwa mzima, mpira wake ndio mbovu. Akaandika hivyohivyo, akatuma. Msema kweli mpenzi wa Mungu, wanasema. Hawasemi jioni atakula na nani.

Mkuu akajibu, "Asante. Tutakuletea mwingine." Ushauri hakuomba tena.

Matokeo haya niliyajua baadaye, kwa mtu mwingine wa kazini kwake. Siku ile alipojibiwa, alinipigia mchana, niko saluni.

"Una nafasi kidogo?"

"Dada, nitakupigia."

"Haya. Si jambo kubwa."

Nilimpigia baada ya siku nne, tena kwa shida zangu. Nilipomaliza kuzieleza, nikakumbuka kumuuliza alitaka kuniambia nini.

"Aa, nimesahau," akasema.

Dada yangu, ambaye hajawahi kusahau namba hata moja! Roho iliniuma. Akaniaga kwa upole, akarudi kwenye mtungi wake.