Tuta la Cucu

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikiona mtu anakimbilia kuinua kilichoanguka. Mwanangu, nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nafundisha Kiingereza darasa la saba hapa Kanja, na kiburi kimenijaa hadi kwenye tai. Mtoto mmoja akaniuliza maana ya "rebuild". Nikamjibu bila kufikiri kwamba ni kujenga tena kama ilivyokuwa, nikaandika ubaoni na kupigia mstari.

Wiki hiyohiyo mvua ikabomoa tuta la shamba la Cucu, nyanya yangu aliyenilea. Shamba liko kwenye mteremko, na tuta ndilo lililoshikilia udongo. Bila hilo, mahindi na maharagwe yake ya msimu mzima yangeteremka mtoni. Jumamosi nikashika jembe, nikachota udongo upande wa juu, nikautupa chini na kuurundika palepale tuta lilipokuwa. Kufika saa nane nimemaliza, najisifu kwa majirani. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angeniambia? Jumanne ikanyesha, na Jumatano tuta lilikuwa chini tena, limekwenda na mistari miwili ya mahindi.

Niliona aibu, nikailaumu mvua. Cucu alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Mwalimu, hii tuta ilianguka kwa nini?"

Nikarudia kuilaumu mvua.

"Basi hujajenga. Umerudisha kuanguka mahali pake."

Maneno hayo yaliniuma, nami nilistahili. Akanipandisha hadi barabarani, akanionyesha maji yalipokuwa yakiingilia shambani. Tukachimba mtaro wa kuyapeleka kando. Kisha tukachimba handaki na kutupa udongo upande wa mlima, ile kazi tunayoiita fanya juu, inayovunja mabega. Mimi mara ya kwanza nilikuwa nimeutupa chini kwa sababu ni rahisi. Cucu akawaita kina mama wa kanisani, wakaja na miche ya nepia, nyasi ya kulisha ng'ombe, wakaipanda juu ya tuta ili mizizi ilishike. Siku tatu nzima, mikono yangu ya chaki ikatoka malengelenge.

Halafu ikaja mvua yenyewe, mwanangu, ile ya kung'oa migomba. Kulipopambazuka nilikimbia shambani. Tuta limesimama! Mahindi yote yaliyobaki yamesimama. Cucu akapiga vigelegele kama mtoto amezaliwa, na mimi, mwalimu mzima, nikaruka ruka matopeni. Sijawahi kufurahi hivyo hata siku ya harusi yangu, ingawa mke wangu asisikie.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia ukuta ukishaanguka tuanzie wapi. Anzia pale maji yalipoingilia. Ikivunjika ndoa, ikifilisika duka, ukigombana na ndugu yako, usirundike udongo uleule na kuondoka. Uliza kwanza kwa nini, tena ukubali kutupa udongo juu, hata kama bega linauma, na usione haya kuita watu wakusaidie.

Mwenyezi Mungu akunyeshee mvua nyingi, mwanangu, na kila tone likukute umesimama.