Dereva Aliyemchekesha Nasilele

Nasilele Mukelabai alikuwa na miaka thelathini na tisa aliporudi kukaa kwenye dawati, na mumewe hajamsamehe mpaka leo. Mwanasaikolojia kamili, mwenye leseni, aliyekaa miaka kumi na moja katika hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Lusaka, ana ofisi yake na kiti chake. Leo eti anabeba mkoba kwenda chuoni! "Wenzako wanasubiri wajukuu, wewe unasubiri matokeo ya mtihani," Akabana alimwambia kwa simu kutoka Solwezi, alikokuwa akifanya kazi mgodini. Nasilele akamjibu kwamba na yeye asubiri pia, subira yavuta heri. Simu ikakatwa, na kwa wiki mbili haikulia tena.

Hakurudi shule kwa kupenda sifa. Alikuwa amechoka kutojua. Aliletewa mama ambaye malaria ilimpanda kichwani, akazinduka hawajui wanawe. Akaletewa fundi seremala aliyepooza upande mmoja, na tangu hapo akawa analia bila sababu, nduguze wakasema ni mizimu. Hospitali iliwapa vidonge vya usingizi, na Nasilele akawapa pole, maana pole ndiyo dawa pekee aliyokuwa nayo. Kwa hiyo chuo kilipoanzisha shahada ya uzamili ya saikolojia ya ubongo, kwa wale waliokwisha kuwa wanasaikolojia, aliomba ruhusa kazini. Akapewa miaka miwili. Ikipita Desemba hajamaliza, nafasi yake apewe mwingine.

Basi alisoma, jamani. Alisoma mpaka akawa anaota picha za ubongo. Kufikia Agosti ya mwaka wa pili alibakiza jambo moja: kumpima mgonjwa mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kuandika ripoti yake, na kuitetea mbele ya watahini mwezi Novemba. Msimamizi wake alikuwa Profesa Kapembwa, mtu wa kabila la Wabemba, mrefu, mkali wa maneno, ambaye hakupata kumsifu mwanafunzi yeyote kabla ya chakula cha mchana.

Mgonjwa aliyempata ni Cheelo Habeenzu, dereva wa basi la Lusaka kwenda Livingstone. Mwezi Mei aligonga ng'ombe karibu na Monze, kichwa kikapiga kioo cha mbele, akalala siku mbili hajitambui. Sasa alikuwa mzima wa mwili. Kampuni ya basi ilitaka kitu kimoja tu kabla ya kumrudishia usukani: barua ya kusema ubongo wake unafaa kubeba abiria.

Aliingia kliniki na mkewe, Luyando, mwanamke mwembamba aliyefunga kitambaa kichwani. Cheelo akasoma jina la daktari mlangoni, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mukelabai? Mungu wangu! Yaani Lusaka nzima wamekosa binadamu wa kunipima, wakaniletea Mlozi?"

Sasa, Walozi na Watonga ni watani tangu enzi za mababu, na utani wao hauna breki. Nasilele alikuwa hajacheka wiki nzima. Akaegemea kiti chake akajibu, "Keti chini, Mtonga. Hapa tunapima watu. Tungekuwa tunapima ng'ombe ungefaulu bila kufika."

"Mmewasikia hao! Mlituibia ng'ombe mkamaliza, sasa mnataka na ubongo!"

Nasilele akacheka mpaka machozi. Tuseme ukweli, alimpenda pale pale. Si kwa ubaya. Alimpenda kama mtu anavyompenda jirani anayemletea habari njema. Siku tatu za vipimo zilikuwa sikukuu. Cheelo alirudia tarakimu kinyumenyume bila kukwama, akachora michoro migumu kwa kuikumbuka, akaunganisha namba na herufi haraka kuliko wanafunzi wa chuo. Alipoambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, alisema, "Ng'ombe mweupe, ng'ombe mweusi, ng'ombe mwekundu, ng'ombe wa madoa, ng'ombe aliyeibwa na Walozi..." akaendelea hivyo mpaka dakika ikaisha. Nasilele alijifuta macho, akampa nafasi ya pili, jambo ambalo halimo katika taratibu za kipimo. Mara ya pili Cheelo akamwaga wanyama wa pori zima. Nasilele akaandika hesabu ya mara ya pili.

Siku ya mwisho alimgeukia Luyando, mumewe akiwa pale pale, mguu juu ya mguu.

"Na wewe mama, nyumbani unamwonaje?"

Luyando alitazama sakafu. "Anaongea sana siku hizi, daktari."

"Kwani umewahi kuona Mtonga asiyeongea?"

Cheelo akapiga kofi kwenye paja akacheka kwa sauti. Luyando naye akatabasamu, kama anavyotabasamu mtu aliyealikwa kwenye sherehe asiyoijua.

Ripoti ikaandikwa: kumbukumbu nzuri, umakini mzuri, mawazo yanakwenda haraka, mchangamfu, mwenye ucheshi. Anafaa kurudi kazini. Profesa Kapembwa aliisoma, akacheka alipofika kwenye habari ya ng'ombe, akatia saini. "Kazi nzuri, Nasilele," alisema, na ilikuwa saa nne ya asubuhi. Barua ikaenda kwenye kampuni. Jioni ile Nasilele alimpigia mumewe akamwambia Desemba atakuwa amemaliza. Akabana akasema, "Afadhali." Kwa Akabana hiyo ni hotuba.

Wiki mbili baadaye Luyando alirudi, peke yake, bila kuitwa. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Daktari, samahani. Siku ile sikusema vizuri."

"Sema tu, shemeji," Nasilele alisema, bado na utani wake mdomoni.

"Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Choma. Cheelo alimkuta amekaa na sahani yake. Akakaa naye mkeka mmoja. Akachukua nyama kwenye sahani ya mama, akala. Halafu akamuuliza..." Alifunika uso. "Akamuuliza kama matiti yake bado yana kazi. Mbele ya watoto. Akawa anacheka."

Utani wote ukamtoka Nasilele. Mkwe! Mtani unamtukana mpaka kesho, lakini kwa Watonga mama mkwe hatazamwi usoni. Mwanaume akimwona anakuja njiani hukata kona porini, na kula naye sahani moja ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi.

"Mama alifunga mzigo wake usiku ule ule," Luyando aliendelea. "Cheelo anasema mama hana ucheshi. Na juzi aliazima gari la kaka yangu, akatupakia. Akapita malori matatu kwenye kilima huku anaimba. Nikamwambia, Baba Twaambo, utatuua. Akaniambia ninaringa. Hata pua haifanyi kazi, anakunywa maziwa yaliyooza na mimi nayasikia harufu kutoka jikoni."

"Na kabla ya ajali?" Nasilele aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Alikuwa mcheshi hivi?"

Luyando alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Cheelo? Daktari, Cheelo alikuwa mtu wa kimya. Abiria walimwita Kanisa. Miaka kumi na sita ya ndoa, ugomvi wetu mkubwa ulikuwa kwamba haongei. Utani wa Walozi mimi ndiye niliyekuwa nao. Yeye alikuwa akiona haya."

Hilo ndilo swali la kwanza wanalofundishwa, la siku ya kwanza kabisa: alikuwa nani kabla? Na hakuuliza. Alicheka badala ya kuuliza. Sehemu ile ya ubongo iliyo juu ya macho, ikichubuka, yaweza kumwachia mtu hesabu zote na kumbukumbu zote, ikamnyang'anya haya na hofu tu. Vipimo vya karatasini anafaulu. Barabarani anaua watu.

"Yuko wapi sasa?"

"Ameondoka na basi saa mbili."

Luyando alikwenda kungoja nje. Nasilele alibaki na simu mkononi, na hapa nisimpambe: hakupiga mara moja. Aliwaza Desemba. Aliwaza kiti chake hospitalini, na Akabana, na neno lile "afadhali". Saini ya profesa ilikuwepo, na vipimo vilikuwa vya kweli, nani angemlaumu? Labda dereva angeendesha miaka yote salama. Wako wazima wa ubongo wanaoendesha vibaya zaidi. Aliyawaza yote hayo, akajiona mchafu. Kisha akatoka mbio kwenda ofisini kwa Profesa Kapembwa, akaingia bila kubisha hodi.

Alimweleza yote akiwa amesimama. Profesa alivua miwani.

"Mke ulimhoji peke yake?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Alikuwa ananichekesha, Profesa."

"Ukampa nafasi ya pili kwenye wanyama. Nilisoma nikacheka, na mimi nikatia saini. Mbemba mzima, Mtonga si mtani wangu, sina hata udhuru huo." Alikuwa tayari anatafuta namba ya kampuni. "Unajua ripoti hii haitatetewa Novemba."

"Najua."

"Utatafuta mgonjwa mwingine, uanze upya. Novemba hutaiwahi, na watahini huketi mara moja kwa mwaka. Ni mwaka mwingine."

"Najua, Profesa. Piga simu, tafadhali."

Basi lilisimamishwa Mazabuka. Kondakta alisema baadaye kwamba Cheelo alikuwa akiendesha amegeuza shingo, anawasimulia abiria wa nyuma kisa cha mama mkwe wake, na abiria wanacheka na kumrekodi kwa simu. Alipoambiwa ashuke, walizua zogo. Dereva mzuri hivi, wa kuchangamsha safari, mnamtoa kwa kosa gani? Mzee mmoja alitishia kudai nauli yake. Cheelo mwenyewe hakukasirika hata chembe. Aliwapungia mkono, akanunua mahindi ya kuchoma, akala akingoja basi la kumrudisha.

Kesho yake Cheelo na Luyando waliletwa kliniki. Nasilele alikuwa hajalala. Usiku alikuwa amemwambia Akabana habari ya mwaka mwingine, na Akabana hakugomba, jambo lililomuumiza zaidi. Alisema tu kwamba yeye hajui tena ana mke au mwanafunzi.

Alimweleza Cheelo kwa maneno mepesi: kichwa kiliumia mahali panapompa mtu breki, hawezi kuendesha tena basi, barua ya kwanza ilikuwa kosa lake yeye daktari. Cheelo alisikiliza akitikisa kichwa kwa adabu.

"Sawa kabisa," alisema. "Nitarudi kwetu Monze nikachunge ng'ombe. Lakini niambie mapema, daktari, watu wako wanakuja kuiba siku gani, nisije nikawa nimelala."

Akangoja kicheko chake. Uso ulikuwa umejaa furaha, mtu aliyepoteza kazi ya maisha yake asubuhi hiyo. Nasilele alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. Cheelo akainua mabega, akatoka kwenda barazani kutafuta wenye shukrani zaidi, na haukupita muda wagonjwa wa foleni wakaanza kuangua vicheko kule nje.

Luyando alibaki.

"Ule ukimya wake," alisema. "Utarudi?"

"Wapo wanaopata nafuu kidogo, ukiwapangia siku, ukiwawekea mipaka. Nitakufundisha, na nitakuwa nawe. Lakini kurudi kama alivyokuwa..." Nasilele alisogeza kando karatasi za vipimo. "Sidhani, mama. Sitaki kukudanganya mara ya pili."

Luyando alikubali kwa kichwa. Hakulia. Alikunja kitambaa chake mapajani, akakinyoosha, akakikunja tena. Kule nje wakacheka tena, na sauti ya Cheelo ilikuwa juu ya zote.

"Nyie Walozi ni watani zetu," Luyando alisema, bila hasira. "Tukifiwa, mtani ndiye anayekuja kutuchekesha, na hatumkasirikii, ndiyo kazi yake. Lakini mtani huja akishaambiwa nani amekufa. Wewe ulikuja kucheka nami hata sijajua kama nimefiwa."

Nasilele alitaka kuomba msamaha, lakini kilichomtoka kilikuwa kilio, na Luyando ndiye aliyesogeza kiti akambembeleza.