Nilivyopewa maiki kutafsiri filamu ya Kiswidi, kumbe mama mkwe yumo ukumbini

Wakuu, za jioni. Hii si chai, yamenikuta mwenyewe, na waliokuwepo Musoma enzi za foleni za sukari watanielewa.

Mtaalamu mmoja wa maji, Mswidi, aliletewa kutoka kwao filamu ya zamani, drama, imekarabatiwa upya. Akaomba ukumbi wa kanisa pale Mwisenge atuonyeshe. Dizeli ya jenereta yenyewe ilikuwa adimu, kwa hiyo watu walijaa hadi madirishani.

Wanaongea Kiswidi, chini kuna maandishi ya Kiingereza. Mimi mwalimu, nikapewa maiki nitafsiri. Kichwa kikavimba.

Filamu imeanza, nageuka hivi, benchi la pili naona Nyangeta, mchumba wangu, na mama yake katoka Mugeta.

Kwetu mkwe hatazamwi usoni, na tusi halitamkwi mbele yake. Na posa yangu ilikuwa bado haijajibiwa! Wakisema sina adabu, nimemkosa Nyangeta. Mama mwenyewe alishajifunika kanga, kageukia ukutani.

Sasa hadithi yenyewe: kijana anaishi kwa mama mkwe wake, shambani, theluji tupu. Nikawa naomba Mungu wasigombane.

Wakagombana.

Kijana kamkazia macho yule mama. Nasoma chini: "Nakuchukia, mchawi wewe, ufe." Jasho likanitoka. Watu wakaanza kupiga kelele:

"Tafsiri, mwalimu! Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema... mama, naomba baraka zako."

Hapo hapo yule mama wa kwenye filamu akamzaba kofi.

Ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja akapaza sauti, "Baraka gani zinaombwaga hivyo?" Nilitamani ardhi ipasuke. Nikajua nimeonekana mwongo mbele ya wakwe.

Wiki ikapita. Nyangeta akanifuata shuleni, nikajua ndiyo basi tena.

"Mama kanituma," akasema. "Anasema alikuwa anaangalia ukuta, ila sauti alisikia. Yule kijana alikuwa anatukana. Anasema mtu anayeogopaga kumtukana mkwe hata kwa maneno ya mwingine, alete wazee wake."

Wakuu, nililia palepale mbele ya wanafunzi.

Nilichojifunza: kabla hujashika maiki, angalia kwanza nani kakaa benchi la pili.

Mama mkwe ameshatangulia mbele za haki. Hatukuwahi kutazamana usoni hata siku moja, na hakuna aliyenipenda kama yeye.

Wenye wakwe, ninyi mngetafsirije pale? Tiririkeni.